Toleo la Thelathini na Mbili

Siku ya kwanza ya mkutubi mpya, mkuu wetu wa maktaba alimwekea mezani vitu viwili, kitambaa cha vumbi na kitabu cha kanuni, akamwambia aanze na anachotaka. Alichukua kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na toroli la vitabu, nikajua huyu tutaelewana.

Mimi ni mhudumu wa maktaba ya kitivo cha sheria. Nasukuma toroli, narudisha vitabu kwenye rafu, nashona majalada yaliyochanika, napokea mizigo ya posta. Shule yangu iliishia msingi na mbele ya watu ulimi wangu ni mzito, lakini namba nazijua, na maktaba ni namba. Kwa miaka kumi na tisa nimeona wakutubi wakija na kuondoka. Huyu ninayemwandika alikaa miezi saba.

Aliajiriwa kama mkutubi mwanagenzi. Alikuwa na digrii ya sheria na cheti cha ukutubi, ila ilibidi afanye kazi nusu mwaka chini ya macho ya mkuu kabla ya kupewa barua ya kuthibitishwa. Wanafunzi hawana huruma na majina ya watu. Walilikata neno katikati, wakamwita Genzi.

"Genzi, mashine ya fotokopi imemeza karatasi yangu!"

"Imemeza yako tu? Jana ilikula insha nzima na haikusema hata asante."

Watu walicheka, naye akaenda kuifungua mashine kwa mikono yake, akarudi na wino hadi kwenye viwiko.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba. Aliishi na baba yake na mdogo wake wa kike katika vyumba viwili nyuma ya gereji. Baba alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomkataa, na sasa alishinda amelala kwenye mkeka akisikiliza mafundi wakigonga mabati. Genzi alikuwa amefanya mtihani wa uwakili mara mbili, akaanguka mara mbili. "Hii ya maktaba ni nafasi yangu ya tatu, mjomba," aliniambia siku moja tukinywa chai chumba cha nyuma. "Sijaona mtu aliyepewa ya nne." Kila jioni alipofika nyumbani, baba aliuliza neno moja tu: "Barua?" Naye alijibu, "Bado, baba."

Asubuhi kabla mlango haujafunguliwa alisoma rafu. Kusoma rafu si kusoma vitabu. Unapita na kidole juu ya migongo ya vitabu ukisoma namba, ukitafuta kilichokaa pasipo pake. Wanafunzi wa sheria huficha vitabu. Anayetaka kitabu cha jinai awe nacho peke yake hukipeleka kwenye rafu ya kodi, mahali ambapo hakuna anayekwenda kwa hiari. Genzi alijifunza haraka. "Mjomba, nimekuta mirathi imelala na ushuru wa forodha," aliniambia. "Nimewatenganisha kabla hawajazaa."

Baada ya hapo alikaa meza ya maulizo. Mhadhiri alikuja akitaka hukumu ambayo hakumbuki majina wala mwaka, anakumbuka tu kwamba ilihusu ukuta. Wazee wenye kesi zao nao walikuja, wakadhani maktaba ni mahakama, wakaanza kujieleza mbele yake. Aliwasikiliza, kisha akawaelekeza mlango wa pili, kwenye kliniki ya msaada wa sheria, ambako wanafunzi wa mwaka wa nne huwasaidia watu wasio na wakili.

Mkuu wetu tulimwita Mama Kimya, kwa kile kidole chake kilichokaa midomoni hata barabarani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Maktaba ile aliikuta imejaa panya, akaijenga. Alifundisha kwa mitego: alichukua kitabu, akakipachika rafu ya uongo, akahesabu ni siku ngapi mwanagenzi atakigundua. Hakusifu. Genzi alipokipata siku ileile, Mama Kimya alisema, "Haya," basi.

Sasa nieleze yale majalada ya pete, maana mambo yote yalitokea humo.

Sheria za nchi hazikai kimya kama vitabu vya hadithi. Zinabadilika kila mara, na haiwezekani kuchapa kitabu kipya kila zinapobadilika. Kwa hiyo zimewekwa kwenye majalada makubwa yenye pete za chuma ndani, kurasa zinatoka na kuingia. Kila miezi michache wachapishaji hutuma bahasha ya kurasa mpya, nayo huitwa toleo. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya maelekezo: toa ukurasa huu, weka huu. Mimi nafungua pete, mkutubi anasoma, tunatoa na kuweka, saa mbili au tatu, mpaka vidole vinaota sugu. Matoleo huingizwa kwa mfuatano, bila kuruka hata moja. Likiisha kuingia, mkutubi anaandika kwenye kadi iliyobandikwa mwanzo wa jalada: namba ya toleo, tarehe, saini. Msomaji akifungua jalada huangalia kadi kwanza. Kadi ikisema thelathini na tatu, anaamini kila ukurasa umefika thelathini na tatu.

Mtu aliyekuwepo kabla ya Genzi alituachia rundo lisiloingizwa. Katika mwezi wake wa pili tulikuwa tumefika toleo la thelathini, na wakaguzi wa chuo walikuwa wanakuja Jumatatu. Ijumaa mchana tuliingiza la thelathini na moja. Genzi akanyoosha mkono kwenye rundo, akashika bahasha ya juu, akaigeuza.

"Mjomba, hii ni thelathini na tatu. Thelathini na mbili iko wapi?"

Tulitafuta chini ya meza, kwenye makabati, hadi kwenye pipa la karatasi. Haikuwepo. Nilipekua daftari langu la posta, haikuwahi kupokelewa. Ilipotea njiani.

Mama Kimya alikuja, akasimama juu yetu.

"Mmekwama nini?"

"Toleo la thelathini na mbili halijafika, mama," Genzi alisema. "Nimeona niishie hapa, niwaandikie wachapishaji watutumie nakala."

"Waandikie. Lakini hiyo thelathini na tatu iingie leo. Wakaguzi watafungua kadi, hawatafungua kurasa."

"Basi mstari wa thelathini na mbili niuache wazi?"

"Pengo kwenye kadi ni kama jino la mbele lililong'oka," alisema Mama Kimya. "Mtu hatazami uso tena, anatazama hapo tu. Saini yote. Nakala ikifika mtaiingiza, na maji yatafuata mkondo wake."

Genzi alisoma maelekezo ya thelathini na tatu, tukaiingiza. Kisha akasaini mistari yote mitatu, akaandika tarehe ya siku ile. Mimi nilifunga pete.

Lakini moyoni hakuridhika. Mama Kimya alipoondoka, alikata kikaratasi cha manjano, akaandika "Toleo la 32 linasubiriwa, tafadhali uliza mezani," akakichomeka ndani ya jalada lile, la sheria za ardhi na upangaji. Jumatatu asubuhi, kabla wakaguzi hawajaingia, Mama Kimya alikitoa. Genzi alimwona. Alisema moyoni atakirudisha wakiondoka. Wakaguzi walikaa siku nne, wakasifu kadi zetu. Siku ya tano Genzi alihamishiwa kazi ya kuorodhesha tasnifu mia tatu za zamani, na kikaratasi kikasahaulika ndani ya droo ya meza yake. Ni yeye aliyesahau. Hakuwahi kusema vingine.

Barua kwa wachapishaji aliipeleka posta mwenyewe. Hawakujibu. Akaandika ya pili.

Miezi minne ikapita. Barua yake ya kuthibitishwa ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeibeba kutoka ofisi ya utumishi hadi kwa Mama Kimya. Ilibaki saini.

Mchana mmoja aliingia mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwanamke mtu mzima, mama wa mapacha, ambaye alirudi shule watoto walipoanza yao. Wenzake walimwita Mama Pacha. Alikuwa anafanya kazi kliniki. Alitupa karatasi mezani mbele ya Genzi, karatasi yenye muhuri mwekundu wa mahakama.

"Nisomee hapa."

Genzi akasoma. Ilikuwa rufaa ya fundi viatu mmoja, mpangaji wa chumba kimoja kwa miaka ishirini na mbili, analala nyuma na kushona mbele. Baraza la upangaji lilikuwa limeamua atoke. Mama Pacha alimwandikia rufaa, akaipeleka siku ya arobaini na tatu. Masjala iliikataa: muda wa rufaa ni siku thelathini.

"Jalada lenu linasema sitini," Mama Pacha alisema. "Nilisoma kwa macho yangu, nikaangalia na kadi. Nikamwambia yule mzee, tulia, tuna muda. Tuna muda, Genzi! Kliniki wananiambia sikusoma, nilikisia. Jumatatu naitwa mbele ya mkuu wa kitivo. Wakinitoa kliniki, sihitimu."

Sauti yake ilikuwa juu, na hakuna aliyeweka kidole midomoni.

Genzi aliinuka. Alikwenda kwenye magazeti ya serikali, yale yanayotangaza sheria mpya, akafungua ya mwaka jana, akateremka na kidole. Nilikuwa nyuma yake na toroli. Kidole kilisimama. Sheria ilikuwa imebadilishwa, kutoka siku sitini kuwa thelathini. Akafungua jalada letu, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Sitini.

"Ulisoma sawasawa," alimwambia Mama Pacha. "Hukukisia."

Siku ya pili yake, kana kwamba posta nayo ina kejeli, bahasha ilifika. Nilisaini kwenye daftari, nikaipeleka chumba cha nyuma. Namba yake ilikuwa thelathini na mbili.

Mama Kimya alikuja nyuma yangu na kufunga mlango.

"Jumatatu mkuu wa kitivo anataka jalada mezani kwake," alisema. Aliongea na Genzi, mimi nilikuwa kama kabati. "Iingizeni sasa hivi. Kadi iko tayari, ina saini na tarehe. Atakayefungua atakuta siku thelathini, na kadi inasema zilikuwa thelathini tangu mwezi wako wa pili hapa."

"Na Mama Pacha?"

"Alisoma vibaya. Wanafunzi husoma vibaya kila siku."

"Alisoma vizuri, mama."

"Binti, nisikilize." Alishusha sauti, na nadhani aliongea kwa kumhurumia kweli. "Yule fundi chumba chake kimekwenda, hakuna ukurasa utakaokirudisha. Barua yako iko kwenye droo yangu, bado saini yangu tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilifika hapa kwa kufunika mengi."

Akatoka.

Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Genzi alivuta jalada karibu.

"Fungua, mjomba."

Nilifungua pete. Alichukua karatasi ya maelekezo, akaisoma yote kwa utaratibu, toa, weka, toa, weka, kama siku nyingine yoyote. Alipofika mia mbili na kumi na nne aliutoa ukurasa wa zamani, akaweka mpya. Kurasa zinazotoka huenda kwenye pipa la kuchoma. Nilinyoosha mkono kuupokea.

"Huu usiuchome," alisema.

Aliukunja mara moja, akauweka ndani ya kitabu chake cha kanuni. Kisha akarudi mwanzo wa jalada. Kwenye kadi, mstari wa thelathini na mbili, alipiga mstari mmoja mnyoofu juu ya tarehe yake ya zamani, usiofuta, ili mtu aweze kuisoma chini yake. Pembeni akaandika tarehe ya siku ile, na saini.

"Barua je?" niliuliza. Ndilo neno nililopata.

"Mjomba, nikikaa hapa miaka thelathini, kila siku nitakuwa nawaambia watu waamini kadi," alisema.

Jumatatu mimi ndiye niliyebeba jalada hadi ofisi ya mkuu wa kitivo, kwa hiyo nilikuwepo. Mkuu wa kitivo alikaa na wahadhiri wawili, na Mama Kimya karibu nao. Mama Pacha alikaa pembeni, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi. Genzi alisimama. Alieleza yote tangu bahasha iliyopotea, akaweka ukurasa wa zamani mezani, akafungua kadi.

"Ulisaini kitu ambacho hukukiona?" aliuliza mhadhiri mmoja.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Genzi alimtazama Mama Kimya. "Niliambiwa nisiache pengo."

"Mimi sijawahi kumwambia mtu asaini asichokiona," alisema Mama Kimya, kwa utulivu kabisa.

Mkuu wa kitivo akanigeukia. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia nini?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu lile usiku kucha, na nilikuwa nalo lote kichwani, neno kwa neno. Kilichotoka ni hiki: "Alisema ni kama jino lililong'oka."

"Jino?" Mhadhiri wa pili alicheka kidogo. "Jino la nani?"

"La kwenye kadi."

Wakacheka wote wawili. Si kwa ubaya, kicheko tu cha watu waliochoka. Nilitaka kueleza, nikasema tena, sauti ikawa ndogo kuliko ya kwanza. Mama Kimya akasema, "Mwacheni jamani, huyu ni mtu wa toroli. Mambo ya matoleo hayajui."

"Nayajua," nilisema. Nadhani nilisema. Katika kumbukumbu za kikao, ambazo baadaye nilizipanga mwenyewe kwenye faili, imeandikwa: mhudumu hakukumbuka vizuri.

Mama Pacha alirudishwa kliniki siku ileile. Alitoka akilia, akamkumbatia Genzi mlangoni, akakimbia kuomba mahakama imwongezee fundi viatu muda, akaambatisha ule ukurasa wa zamani. Mahakama ilijibu kwa mistari minne: kutojua sheria si sababu, hata kama asiyejua ni maktaba. Mama Kimya alipewa onyo la mdomo. Genzi alipewa barua. Ilisema kipindi chake cha majaribio kimekwisha na hakitaendelezwa.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake nilimwuliza baba alisemaje.

"Aliuliza, 'Barua?' Nikasema imekuja. Akajiinua kwenye mkeka, na unajua hajainuka mwenyewe tangu mwaka jana. Nikamsomea." Alifunga kikombe chake ndani ya gazeti. "Akauliza, 'Kunyamaza siku moja tu kulikushinda?' Akalala akageukia ukutani. Mpaka leo hajageuka."

Nilimwambia, "Pale mbele yao, niliyasema, lakini..."

"Najua, mjomba. Nilikuwa nakusikia."

Afadhali angenitukana.

Kisha akaniomba kitu. Alitaka kwenda kwa fundi viatu, na hakutaka kwenda peke yake. Tulienda saa ya chakula, kwa miguu. Chumba kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi upya na mlango una kufuli jipya. Fundi alikuwa hatua ishirini mbele, chini ya ukuta wa duka lililofungwa, ameketi kwenye kiti kisicho na mgongo, kalibu za viatu zimezunguka miguu yake, godoro na sufuria vimefunikwa turubai nyuma. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee," alisema Genzi.

"Marahaba. Soli au kisigino?"

"Sikuja na kiatu. Mimi ni wa maktaba. Ile hesabu ya siku sitini aliyokupa mwanafunzi, aliitoa kwenye jalada langu. Ilitakiwa niwe nimeubadilisha ukurasa ule. Sikuubadilisha, na nikasaini kwamba nimebadilisha."

Fundi aliendelea kuvuta uzi. Nilidhani hakusikia. Alipofika mwisho wa mshono alikata uzi kwa meno, akainua uso.

"Umetoka huko kote kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Una karatasi yoyote mkononi, ya kunirudisha ndani?"

"Hapana, mzee. Hakuna."

Alimtazama kidogo, bila hasira, kama anavyotazama kiatu kisichofaa tena kushonwa. Akachukua kingine chini, akachomeka sindano.

"Basi sogea, mwanangu. Umenizibia mwanga."

Genzi akasogea.